Ngozi ya Mzee Chuma

Jina la Chuma alijipa mwenyewe, ingawa atakuapia kwamba alipewa na watu. Hadithi anayoipenda ni ya ujanani, siku nyundo ilipomwangukia mguuni, naye akainama kuiangalia nyundo kama haijaumia. Mimi sikuwepo. Ninashona mapazia mlango wa pili kutoka karakana yake ya makochi, tumetenganishwa na ukuta wa mbao tu, na nimeisikia hadithi hiyo kila anapokuja mteja wa kusubiri. Kila mwaka nyundo inazidi kuwa nzito.

Kazi yake anaijua, hilo sitamnyima. Kochi linakuja limechanika mikono, limebonyea katikati, halitamaniki. Analing'oa misumari, analivua kitambaa, anatoa sponji iliyosagika, anakaza mikanda, anaweka sponji mpya na kulivika upya, na mwenyewe akija kulichukua analipita mlangoni akilitafuta. Lakini ulimi wake hauna sponji. Mteja akimwomba abakishe kitambaa cha zamani, atakivuta kwa vidole viwili na kumwambia, "Mama, hii ngozi imechoka. Hata ukiishona itachanika pembeni ya mshono." Anasema hivyo bila huruma, kama hakimu anayewahi chakula cha mchana.

Sasa mtu aliyejenga heshima yake juu ya nyundo, mwili ukianza kumgeuka atafanyaje? Mwingine angekubali. Mzee Chuma alianza kupigana na vibaka.

Siku ya kwanza nilimwona na doa chini ya kiwiko, zambarau iliyoiva, pana kama kifuniko cha kopo la rangi.

"Mzee, hilo nalo limetoka wapi?"

"Nimepambana na kibaka. Kituo cha basi. Alitaka simu."

"Akaipata?"

Akaitoa simu mfukoni anionyeshe. Alipoona sijastuka vya kutosha, akaongeza kibaka wa pili. Mzee huyu amekula chumvi nyingi, na iliyobaki aliitia kwenye maelezo yake. Ukweli, niliokuja kuusikia baadaye kutoka kinywani mwake, ni kwamba aligonga mkono kwenye mlango wa friji akitafuta maji ya kunywa.

Doa lile halijafifia, likaja jingine kwenye muundi wa mguu. Hilo lilikuwa mbwa, mkubwa kama ndama. Likaja la begani, hilo pikipiki. Vibaka wakarudi, safari hii watatu, kwa sababu madoa nayo yalikuwa matatu. Habari zikafika kwa kamati ya ulinzi ya mtaa, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa na mwenyekiti na mhuri lakini haikuwa na adui. Ikakaa, ikapitisha, na kila nyumba ikapewa filimbi. Kwa wiki kadhaa ilikuwa ukipiga chafya jioni, mtaa mzima unapuliza.

Nyumbani mzee anaishi na mkamwana wake. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, na mwanawe wa kiume ni dereva wa malori ya masafa, mtu ambaye hata akiwa nyumbani huegesha viatu vikiwa vimeelekea mlangoni. Mkamwana ndiye mwenye nyumba hasa. Ni mwanamke mkubwa wa umbo, mikono mizito, mtungi wa gesi anaubeba begani kutoka dukani bila kupumzika njiani, na haongei sana. Hilo la mwisho ndilo lililomponza. Mtu mkimya akiwa mwembamba huitwa mpole. Akiwa mnene, watu husema ana lake jambo.

Yeye ndiye aliyegundua siri ya ngozi ya mzee. Siku hiyo mzee alikwaruzwa na ukingo wa fremu ya kochi, mkwaruzo wa kawaida, na ngozi ya mkono ikajikunja kama karatasi iliyolowa. Fundi akijiumiza karakana atatumia nini? Alichukua ile selotepu pana ya kahawia anayofungia vitambaa, akajizungushia, akaendelea na kazi. Jioni alipoibandua, ngozi ikaifuata selotepu. Mkamwana alisikia mguno bafuni, akaona damu, akafunga mlango wa nyumba na kumpeleka zahanati bila kuomba ruhusa.

Daktari alimwosha, akairudisha ngozi mahali pake taratibu, akaifunga kwa bendeji laini isiyonata, akamuuliza dawa anazotumia, akamchunguza kote. Kisha akamwambia hana ugonjwa, ni umri, na jua la miaka mingi. Ngozi imekuwa nyembamba, na mafuta yaliyokuwa chini yake, yanayoilinda mishipa midogo ya damu, yamepungua. Ukiguswa kidogo tu, damu inavuja kwa ndani na doa linatokea.

"Kwa hiyo sponji imeisha," mzee akasema.

Daktari alifikiri kidogo. "Sponji imeisha."

"Inabadilishwa?"

"Haibadilishwi. Inatunzwa."

Akaelezwa apake mafuta asubuhi na jioni, avae mikono mirefu, kucha akate fupi, asibandike tena kitu cha kunata juu ya ngozi ile, na pembe kali za meza na vitanda azizibe na kitu laini. Mzee alitoka pale amenuna kama mteja aliyeambiwa kitambaa chake kimechoka.

Njiani akamsimamisha mkamwana. "Mwanangu, haya yaishie hapa. Hata mumeo asijue."

"Kuna aibu gani, baba? Ni uzee tu."

"Neno hilo ndilo silitaki. Nani atampa kochi fundi ambaye ngozi yake mwenyewe inachanika?"

Mkamwana akakubali. Baba mkwe amekuomba, utasemaje? Akanunua mafuta, akampaka asubuhi na jioni, akakaa kimya, tena akakaa kimya kuliko alivyozoea.

Mzee naye akageukia pembe. Hapo ndipo ufundi ulipomzidi akili. Badala ya kuziba pembe mbili za meza, akaivika nyumba nzima. Meza, kabati, ukingo wa kitanda, fremu za milango, hata kona ya ukuta wa kuelekea bafuni, vyote vikapigwa sponji na kuvikwa vipande vilivyobaki karakana. Huku maua, huku mistari, huku mahameli ya rangi ya damu ya mzee. Nyumba ikawa kochi moja kubwa. Wageni aliwaambia ni mtindo mpya, na mama mmoja wa nyumba ya mbele akaagiza na yeye afanyiwe. Alifanyiwa, na kwa muda mrefu hakujua kwa nini.

Wakati huohuo mtaa ulikuwa umeanza kufikiri, na mtaa ukifikiri jiandae. Filimbi zilikuwepo, vibaka hawakuonekana. Hakuna mwingine aliyeporwa wala kuumwa na mbwa. Vibaka gani hawa wenye mteja mmoja? Muuza mboga wa kwenye kona, ambaye habari kwake huwa mbichi kuliko mchicha, ndiye aliyesema kwanza kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Wakakumbuka ile mikono inayobeba mtungi wa gesi. Wakakumbuka kwamba mzee siku hizi havui shati la mikono mirefu, hata jua likiwa kali kiasi gani. Mimi niliyasikia yote hayo nikiwa nashona, maana cherehani haizibi masikio. Nikawaambia ni upuuzi. Wakaniambia lisemwalo lipo.

Likafika kwa binti yake mkubwa. Huyu anakaa upande wa pili wa mji na tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu chama chochote anachojiunga nacho, wiki ya pili anakiongoza. Anampenda baba yake sana, kwa simu. Akija mwenyewe, huja na ajenda. Alikuja, akasimama sebuleni, akaangalia meza yenye mito, kabati lenye mito, kona ya ukuta iliyovalishwa mahameli. Baba yake aliponyoosha mkono kupokea kikombe, shati likapanda, akayaona madoa.

"Baba, hivi ni nini?"

"Vibaka."

Mwenyekiti hakubisha. Aliigusa ile kona ya ukuta, akaibonyeza kwa kidole, na nadhani hapo ndipo alipoifunga kesi. Ukuta hauvikwi sponji, aliniambia baadaye mlangoni kwangu kwa sauti ya chini, isipokuwa katika nyumba ambayo kuna mtu anayesukumwa.

Kikao kikaitwa Jumapili. Dereva akaamriwa ageuze lori. Akaitwa baba mdogo, yaani mdogo wake mzee, mtu ambaye hakosi kikao chochote chenye chai. Nami nikaitwa kama jirani mwema, cheo ambacho hupewa mtu anayetakiwa kutoa ushahidi.

Tulikaa kwenye makochi ya mzee mwenyewe, kazi yake bora kuliko zote. Mkamwana alichukua kiti kidogo karibu na mlango wa jikoni.

"Tumekutana kwa ajili ya usalama wa baba," Mwenyekiti akafungua.

"Tuanze na chai?" akauliza baba mdogo.

"Chai iko kwenye mengineyo, baba mdogo." Kisha akageuka. "Wifi, mimi sikuhukumu. Nauliza tu. Baba ana alama mwili mzima. Humu ndani mnakaa wawili. Nani anampiga?"

"Sijampiga baba."

"Sijasema wewe. Nimeuliza nani."

"Hakuna anayempiga."

"Basi zinatoka wapi?"

Mkamwana akamtazama baba mkwe wake. Mzee Chuma alikuwa anaangalia feni ya darini, na feni haikuwa imewashwa.

"Muulizeni baba mwenyewe," mkamwana akasema.

"Baba?"

"Nimeshasema. Vibaka. Wale wa kituoni."

"Baba, kituoni hujaenda tangu mwaka juzi."

Mzee akakohoa. Mkamwana alikuwa bado anamtazama, na hakumtazama kwa hasira. Alimsubiri kwa adabu, kama mtu aliyeshika mlango ili mkubwa apite kwanza. Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa la mzee. Mimi siri yao sikuijua, ila niliona wazi kwamba kuna neno na kwamba amelikalia. Nilitamani kumtupia kitu, ila kila kitu mle ndani kilikuwa laini.

Mwenyekiti akayapanga. Madoa. Mashati ya mikono mirefu ya kuficha. Mito ya kuzuia kelele na majeraha. Zahanati walikwenda kimyakimya, kuna aliyewaona, na watoto wake hawakuambiwa. "Kama hakuna la kuficha," akauliza, "mbona limefichwa?"

Dereva alikuwa na macho mekundu ya barabarani. Alimwangalia mkewe, akamwangalia dada yake, na ungemwonea huruma kama usingekuwa na hamu ya kumzaba kofi. "Mke wangu, kama kuna jambo, liseme sasa."

"Mimi sina la kusema."

"Basi uende kwenu kwanza, mambo yatulie."

Neno "kwanza" likitumika hivyo, halina pili yake. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Mkamwana akainuka, akasema "sawa," akaingia chumbani. Tukasikia kabati likifunguliwa, kisha zipu ya sanduku.

Mzee Chuma akasimama. Sijui alikuwa anakwenda wapi, na nikimuuliza leo anasema hata yeye hajui. Hakufika. Mwenyekiti alimdaka mkono akaukaza, kama unavyomshika mtoto barabarani.

"Kaa, baba. Tulia. Hakuna atakayekugusa tena."

"Niache."

"Kaa kwanza, baba."

Akavuta, binti akavuta, na mzee akarudi kwenye kochi kwa kishindo. Akabaki anahema. Kisha akafungua kifungo cha shati na kuukunja mkono wa shati polepole mpaka kwenye kiwiko, akauweka mkono mapajani ambapo sote tuliuona. Kwanza palikuwa pekundu tu. Tukiwa tumekaa pale, wekundu ukaanza kuiva. Upande mmoja vikajitokeza vidole vinne, upande wa pili kidole gumba. Hata alama ya pete ilikuwepo. Baba mdogo alisahau chai.

Mzee akauinua mkono. "Na huyu je? Naye tumrudishe kwao?"

Mwenyekiti aliangalia kiganja chake, akakigeuza, akakiangalia tena.

"Hakuna kibaka," mzee akasema. "Hapajawahi kuwa na kibaka. Ngozi yangu imeisha, basi. Nikigusa friji napata doa, nikifunga saa napata doa. Hiyo mito nimeweka mimi. Huyo mnayemfukuza ndiye anayenipaka mafuta asubuhi na jioni, na mimi ndiye niliyemwambia asiseme."

"Na mbwa?" akauliza baba mdogo.

"Hakuna mbwa."

"Mimi nimenunua fimbo kwa ajili ya huyo mbwa, kaka."

Mzee alikwishainuka. Alikwenda mpaka mlango wa chumba cha mkamwana, akasimama nje ya kizingiti. "Mwanangu, nisamehe."

Mkamwana akatoka na sanduku mkononi. Macho yalikuwa makavu, na sauti ilikuwa ya kawaida, jambo ambalo lilimuumiza mzee kuliko kilio.

"Baba, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulikuwa umekaa palepale."

"Nilikuwa nimekaa."

"Nimetunza siri yako mpaka nimefungasha. Mtaa wote unaniita mpiga wazee. Sokoni nikisimama, watu wanahama foleni. Leo mmejua, sawa, mko wanne. Nje je?"

"Kesho nitawaambia."

"Wote?"

"Wote."

Mkamwana hakulirudisha sanduku chumbani. Aliliweka ukutani, karibu na mlango wa mbele. "Litakaa hapa," akasema, "mpaka nisikie sokoni wanasemaje." Kisha akaenda kuwasha jiko, kwa sababu chai ya mengineyo ilikuwa haijapikwa, na mumewe akamfuata jikoni na kukaa huko muda mrefu. Walichoongea hakituhusu. Mwenyekiti aliahirisha kikao bila kusoma maazimio, mara ya kwanza katika maisha yake.

Asubuhi Mzee Chuma alifungua karakana akiwa na fulana ya mikono mifupi. Mikono ilikuwa kama ramani, nasema ukweli, na alama mpya kuliko zote ilikuwa ile ya vidole vitano. Kila aliyepita alimwita. "Njoo uone. Hii ni friji. Hii ni kitanda. Hii ni binti yangu, kwa mapenzi. Ngozi yangu imezeeka." Neno alilolikimbia mwaka mzima akalisema zaidi ya anavyosema salamu. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao.

Lakini mtaa uliosadiki vibaka watatu, mbwa na pikipiki, ulikataa kusadiki friji. Muuza mboga alitikisa kichwa. "Maskini, kafundishwa aseme hivyo." Mwenyekiti wa kamati ya ulinzi alimshika mzee pembeni na kumwambia kama anatishiwa, apulize filimbi mara mbili tu. Siku ya tatu mkamwana alirudi kutoka sokoni na kapu lake, akalitazama sanduku, akaliacha palepale.

Mzee akaja kwangu. "Fundi, hawaniamini."

"Njia ya mwongo ni fupi, mzee. Wewe umeshafika mwisho wake."

Alikaa kwenye kigoda changu akijiangalia mkono. Kisha akaondoka, akamwita muuza mboga aliyekuwa anapita na kapu lake.

"Nishike hapa."

"Nikushike nini tena, mzee?"

"Mkono. Kaza kama unavyokaza fungu la mchicha. Haya, sasa kaa hapo usubiri."

Muuza mboga akasubiri, na sisi tukasubiri naye. Doa lilipokolea, mzee akamuuliza kwa upole, "Wewe umenipiga?"

"Mimi? Sijakupiga."

"Na yeye hivyohivyo."

Tangu siku hiyo ndivyo anavyofanya. Hapokei kochi la mtu kabla mwenye kochi hajamshika mkono na kusubiri. Kamati ya ulinzi ilikuja yote na kushika kwa zamu. Mama wa nyumba ya mbele alishika, hatimaye akaelewa mito ya nyumba yake. Hadithi ya nyundo siku hizi haisimuliwi, hakuna nafasi. Mkamwana aliposikia alikuja karakana na chupa ya mafuta mkononi, amefura.

"Baba, daktari alisema ngozi uitunze."

"Daktari hakai mtaa huu, mwanangu."

Sanduku lilirudi chumbani siku muuza mboga alipokwenda mwenyewe mlangoni na mafungu ya bure, akasema pole akiwa ameinamisha kichwa. Mzee hata hivyo hajaacha. Nimemwambia inatosha, anasema kuna wa mtaa wa tatu ambao hawajashika. Mkono wake sasa una alama za kila mtu, mimi nikiwemo, kidole gumba changu kiko karibu na kiwiko. Jioni mkamwana anakaa naye, anapaka mafuta juu ya alama zetu zote huku akimgombeza, na katika zote hizo ya kwake haipo hata moja.